Sura ya Tano: Kidole Kimerudi, Mkono Bado

Kwenye viwanja vya mlimani upepo nao ni mchezaji. Kona imepigwa, kipa ameuona mpira tangu unatoka mguuni, ameruka kwa wakati wake, vidole vyote kumi vimekunjuka. Mpira ukiwa umebakiza urefu wa mkono kumfikia, unapeperuka kidogo. Badala ya kutua kiganjani unagonga ncha ya kidole cha pete kikiwa kimenyooka kabisa. Ncha inasukumwa nyuma, kiungo cha katikati kinavuka kikomo chake, na mfupa wa mbele unapanda mgongoni mwa mwenzake. Goli limeokolewa. Kipa anatua, anautazama mkono wake, anaona kidole kimekuwa kifupi kuliko kilivyokuwa asubuhi, na kina ngazi mahali ambapo hakikuwa na ngazi.

Kisha wanakuja watu. Anayefika kwanza ni beki wa kati, ambaye hajui lolote kuhusu mifupa ila ana nguvu. Nyuma yake kocha. Nyuma ya kocha mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini, anayesifika kijijini kwa kuchua. Refa anatazama saa. Sheria ya 5 ya mpira wa miguu inampendelea kipa hapa: mchezaji mwingine akitibiwa uwanjani hutakiwa kutoka nje kwanza ndipo aruhusiwe kurudi, lakini kipa hutibiwa pale pale langoni na mchezo ukaendelea naye. Pale Mkwakwani, Tanga, nyumbani kwa Coastal Union waliotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, upendeleo huo una maana, kwa sababu anayekuja mbio na mkoba ni mtu aliyesomea kazi hiyo. Kwenye uwanja wa kijiji upendeleo huo huo unageuka kuwa haraka. Kila mtu anahisi kwamba jambo hili lazima liishe ndani ya dakika mbili, na kwa kawaida linaishia kwa beki wa kati kushika kidole na kuvuta.

Nimeichagua Lutindi kwa sura hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya jiografia. Lutindi iko juu kwenye milima ya Usambara, wilayani Korogwe. Chini yake kuna tambarare za mashamba ya mkonge, na ukivuka Mto Pangani uko njiani kwenda Handeni, nchi ya Wazigua, ya mahindi na ng'ombe. Huko kote mpira unachezwa kwa namna moja: timu za vijiji na kata, kombe la diwani, kombe la mbunge, mshindi anachukua seti ya jezi, mpira na pengine mbuzi. Hakuna daktari wa timu. Kipa anayeumia Jumapili anatarajiwa shambani Jumatatu. Sababu ya pili inahusu hospitali iliyoko Lutindi, nayo nitaifikia mbele kidogo.

Tuanze na kidole chenyewe, maana makosa mengi yanatokana na kukidharau. Vidole vya mkono mmoja vina mifupa 14: miwili kwenye gumba na mitatu kwenye kila kimoja cha vinne vilivyobaki. Ndani yake hakuna msuli wowote wa kukikunja. Misuli mikubwa ya kukunja na kukunjua iko kwenye kigasha, chini ya kiwiko, na inavuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Weka kiganja cha kulia juu ya kigasha cha kushoto, kisha kunja na ukunjue vidole vya kushoto, utaisikia misuli ikicheza mbali kabisa na kidole. Kwa hiyo kidole ni mfupa, kano, mishipa na ngozi, vyote vimebanana kwenye nafasi finyu. Kikivimba, uvimbe hauna pa kwenda.

Kiungo cha katikati, ndicho kinachoteguka zaidi michezoni, ni kiungo bawaba. Kimeumbwa kukunja na kukunjua tu. Kulia na kushoto kinashikiliwa na kano mbili fupi, na upande wa kiganja kuna kibamba kigumu cha nyuzi kinachokizuia kisipinde kinyume. Mpira unapokisukuma kidole nyuma, kibamba hicho ndicho kinachochanika, mara nyingi pale kinaposhikamana na mfupa wa mbele, na wakati mwingine kinang'oka na kipande kidogo cha mfupa. Hapo ndipo penye siri ya sura nzima. Beki wa kati akivuta na kidole kikanyooka, watu wanapiga makofi na kipa anavaa glovu. Mfupa umerudi, sawa. Kibamba kilichochanika hakikurudi na mfupa. Kimebaki kimechanika vilevile, na kitachukua wiki kadhaa kuunga. Nimewaona makipa wengi wa mitaani wenye vidole vilivyopinda, na karibu kila mmoja anasimulia kisa kile kile: kilirudishwa siku ile ile, nikaendelea kucheza, nikashangaa baada ya miezi miwili hakinyooki.

Kuvuta kiungo si ujinga wa kijijini. Kitabu cha viungo kinachohesabiwa miongoni mwa maandishi ya Hippocrates, kilichoandikwa Ugiriki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kinaelekeza jinsi ya kukinyoosha kidole kilichoteguka na kukisukuma kirudi mahali pake. Kinataja hata kifaa: mirija iliyosukwa kwa majani ya mtende, ambayo Wagiriki wa wakati huo waliiita mijusi. Kidole kinaingizwa ndani ya mrija, na kadiri unavyovutwa ndivyo ukili unavyokaza na kukishika. Msuka mikeka yeyote wa Pangani au Tanga angekitengeneza kifaa hicho kwa nusu saa. Mpaka leo hospitali hutumia mirija ya namna hiyo, sasa ya waya au nailoni, kuning'iniza vidole wakati wa kurudisha mifupa ya mkono. Kwa hiyo mzee anayechua anasimama kwenye mstari mrefu wa mafundi, na wengi wao wana mikono mizuri. Swali langu kwake ni moja tu: umejuaje kwamba hiki unachokivuta kimeteguka, na hakikuvunjika?

Swali hilo halijibiwi kwa macho wala kwa vidole, hata na daktari bingwa. Ndiyo maana hospitalini wanapiga picha ya eksirei kabla ya kurudisha, na nyingine baada ya kurudisha, na ile ya pili ni muhimu kama ya kwanza, kwa sababu inaonyesha kama kiungo kimekaa sawasawa na kama kuna kipande cha mfupa kilichobaki kando. Kutoka Lutindi njia ni moja, kuteremka Korogwe mjini, kwenye hospitali ya Magunga. Wa Handeni wana hospitali yao. Jambo likiwa zito zaidi linapelekwa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Tanga, au KCMC Moshi, au MOI pale Muhimbili. Kwa mtu wa Lutindi, kushuka Korogwe ni nauli ya bodaboda au gari, ni siku nzima ya kazi, na mvua za masika zinapochachamaa ni utelezi na matope. Najua kwa nini mtu anaamua kubaki. Ila kuna hali ambazo hakuna kubaki, na nahodha wa timu yoyote anapaswa kuzijua kwa moyo.

Kidole kikiwa na jeraha pale penye kiungo, hata tundu dogo linalotoa damu, usivute. Kiungo kimefunguka, uchafu wa uwanja umeingia, na kinatakiwa kuoshwa hospitalini, kupewa dawa za kuzuia vijidudu na sindano ya pepopunda. Kidole kikiwa cheupe, cha buluu, cha baridi au kimekufa ganzi, safari ianze sasa hivi. Kifundo kikubwa kabisa, pale kidole kinapokutana na kiganja, kikiteguka na ngozi ya kiganjani ikaonekana imevutwa ndani na kufanya kishimo, usivute hata kidogo. Kibamba kimeingia katikati ya mifupa, na kila unapovuta unazidi kukibana. Hicho kwa kawaida hurudishwa kwa upasuaji. Halafu kuna watoto. Kijana wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wa miaka 14 bado ana sehemu laini za kukulia kwenye ncha za mifupa yake, na hizo huvunjika kabla ya kano kuchanika. Kidole chake kinaweza kuonekana kimeteguka kumbe kimevunjika pale pale kinapokulia. Mwalimu wa michezo anayemvuta kijana huyo anachezea urefu na umbo la kidole chake cha utu uzima.

Na pete ivuliwe mara moja, ya kidole chochote cha mkono huo, kabla uvimbe haujafika. Sheria ya 4 inakataza vito uwanjani, hata vikifunikwa kwa plasta, lakini sijaona refa wa kombe la diwani akikagua vidole.

Uamuzi wa kwenda au kutokwenda, hata hivyo, mara chache ni wa mgonjwa mwenyewe. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wasambaa kuanzia miaka ya 1960, alieleza vizuri jinsi mgonjwa wa Usambara anavyopita kwa mganga na hospitali kwa zamu, bila kuona kwamba kimoja kinakikana kingine, na jinsi ndugu wanavyoshika usukani: nani aitwe, pesa itoke wapi, tiba ipi ijaribiwe kwanza. Kidole cha kipa kinafuata njia hiyo hiyo. Mjomba anasema kichuliwe. Mama anasema kipelekwe Magunga. Kocha anasema ana fainali Jumapili ijayo. Daktari anayetaka maagizo yake yafuatwe Lutindi anafanya busara akimweleza mjomba pia.

Hospitalini kazi yenyewe ni fupi. Daktari au tabibu anachoma sindano mbili ndogo za ganzi kwenye shina la kidole, moja kila upande, ambako mishipa ya fahamu inapita. Anasubiri dakika kadhaa. Hatumii mabavu: anashika kipande cha mbele, anakizidisha kidogo kwenye mwelekeo ule ule kilikoelekea ili kujinasua, kisha kwa kidole gumba chake anasukuma shina la mfupa ulioruka mpaka lishuke mahali pake, huku akivuta taratibu. Kinarudi kwa mshtuko mdogo, na mara moja urefu wa kidole unarejea. Kisha anafanya jambo ambalo uwanjani halifanyiki kamwe. Ganzi ikiwa bado ipo, anamwambia kipa akunje na kukunjua mwenyewe, na anakiyumbisha kidole kulia na kushoto, polepole, kuona kama kinataka kutoka tena. Jibu la jaribio hilo ndilo linaloamua wiki zote zinazofuata.

Sasa tumefika kwenye wiki hizo, ambazo ndizo hasa tiba.

Kiungo kilichotulia hakihitaji hogo. Narudia, kwa sababu wagonjwa wengine huona wamedhulumiwa wasipofungwa kitu kizito cheupe mpaka kiwiko. Kinachohitajika ni gango dogo mgongoni mwa kidole, la bati laini lenye sifongo, au hata kijiti bapa cha mbao kama hakuna lingine, lililopinda kidogo ili kidole kisinyooke mpaka mwisho. Kukunja kunaruhusiwa. Kunyooka kabisa ndiko kunakozuiwa, maana ndiko kunakofungua mchaniko wa kibamba. Gango hilo linakaa siku chache, au wiki moja hadi mbili kwa kawaida. Baada ya hapo kidole kinafungwa pamoja na jirani yake. Hiyo ndiyo bandeji ninayoipenda kuliko zote kwa unyenyekevu wake: vipande viwili vyembamba vya plasta, kimoja chini ya kiungo cha katikati na kingine juu yake, viungo vyenyewe vikiachwa wazi vikunje, na pamba kidogo katikati ya vidole ili jasho lisiichubue ngozi. Jirani anachaguliwa kwa upande ambao kano imeumia. Kidole kizima kinakuwa gango linalotembea. Kikikunja kinamvuta mgonjwa akunje, kikinyooka kinamzuia asipinde upande. Plasta inabadilishwa ikilowa. Mtindo huo unaendelea wiki 3 hadi 6, na kwenye mechi unaendelea msimu mzima.

Hatari zipo mbili na zinavuta pande mbili. Ya kwanza ni ya yule aliyeendelea kudaka siku ile ile. Ya pili haisemwi sana, na kwa maoni yangu inaharibu vidole vingi zaidi: kukifunga kabisa kwa muda mrefu. Kiungo cha katikati cha kidole hukakamaa upesi. Ukikiacha kimya zaidi ya wiki 3, kibamba na kano vinaunga vikiwa vimejikunyata, na huyo kipa atatumia miezi kutafuta nyuzi chache za kunyoosha ambazo alizipoteza kwa kutulia. Mtu mtiifu kupita kiasi, aliyeambiwa apumzishe mkono na akaupumzisha kweli kweli mpaka mwezi wa pili, anarudi kliniki na kidole kisicho na maumivu wala faida.

Kuchua nako kuna wakati wake. Maji ya moto na chumvi, na mkono mzito wa mchuaji siku ya kwanza, vinaongeza damu mahali ambapo tayari imejaa. Siku mbili tatu za mwanzo kinachofaa ni baridi na kuuinua mkono juu ya kifua. Lutindi barafu si rahisi kupatikana, lakini maji ya kijito cha mlimani asubuhi yanatosha kabisa. Dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Baada ya wiki mbili tatu, uvimbe ukianza kulegea, kuchua kwa upole kwa mafuta, kutoka ncha kuelekea kiganjani, ni kitu kizuri, na hapo mzee wetu ana kazi ya heshima. Kinachokatazwa wakati wote ni kukivuta tena na kukitegua ili kikae vizuri. Kila mvuto wa namna hiyo unachana upya kilichoungwa na siku zilizopita.

Mazoezi yenyewe hayana mashine. Mgonjwa anaushika kwa vidole vya mkono wa pili mfupa ulio nyuma ya kiungo kilichoumia, ili usisogee, kisha anakunja kiungo kile peke yake na kukikunjua. Mara 10, anapumzika. Halafu anakunja vidole vyote ncha tu, vifundo vikubwa vikiwa vimenyooka. Halafu ngumi kamili. Halafu anafungua mkono wote. Mara 4 au 5 kwa siku, kila siku, na maumivu yakiwa ya kuvutika sawa, yakiwa ya kuchoma anapunguza. Wiki ya 4 au ya 5 anaanza nguvu: kukanda udongo wa mfinyanzi au donge la unga, kukamua kitambaa kibichi, kubeba ndoo kwa vidole. Katika hospitali zenye mtaalamu wa fiziotherapia ataonyeshwa haya yote mara moja, na safari hiyo inalipa nauli yake.

Hapa ndipo niliposema nitairudia hospitali ya Lutindi. Ilianza mwaka 1896, wakati wa Wajerumani, wamisionari wa Kiprotestanti wenye uhusiano na Bethel ya Bielefeld walipofungua pale makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, ikageuka kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya aina yake katika Afrika Mashariki, na mpaka leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Haitibu vidole vya makipa. Lakini inajulikana kwa jambo moja linalonihusu: kazi ni sehemu ya tiba. Wagonjwa wanalima, wanachuma chai, wanafanya kazi za mikono, na kazi inapimwa kulingana na hali ya mtu siku hiyo. Anayeanza kupata nafuu anapewa kidogo, anayeimarika anaongezewa.

Nadhani kipa wa Lutindi anahitaji kipimo hicho hicho, kwa sababu mkono wake si wa kudaka tu. Madaktari wanaoandika vitabu huko Ulaya humwambia mchezaji asicheze wiki kadhaa, na hesabu inaishia hapo. Kipa wetu ataacha kucheza. Ataachaje kulima? Watu wengi hudhani jembe linashikwa na gumba na kidole cha shahada, kumbe nguvu kubwa ya kushika mpini inatoka kwenye kidole cha pete na kile cha mwisho. Jaribu kushika mpini kwa nguvu huku umevinyoosha hivyo viwili, utaona jembe linavyokuchezea. Kidole cha pete kilichoteguka Jumapili kikirudishwa na kupelekwa kwenye jembe Jumatano, kila pigo kwenye udongo mgumu linakitikisa kiungo kile kile. Kuchuma chai ni jambo jingine. Gumba, shahada na kidole cha kati ndivyo vinavyokata majani mawili na chipukizi. Cha pete na cha mwisho vinakunjwa tu kuyashikilia kiganjani mpaka yajae yatupwe kapuni. Mkunjo mwepesi, unaorudiwa mara nyingi, bila pigo. Kwa kidole kilichofungwa pamoja na jirani yake, kuanzia wiki ya pili au ya tatu hivi, hiyo inakaribia kuwa zoezi lenyewe. Kisu cha mkonge kule tambarare kiko upande wa jembe, tena kibaya zaidi, kwa sababu mkono haupati nafasi ya kulegea. Kwa hiyo ushauri unaofaa Lutindi ni kubadilishana kazi nyumbani: mdogo wake ashike jembe kwa mwezi mmoja, yeye achume, apalilie kwa mkono, apukuchue mahindi. Kukaa bure hakumsaidii.

Kuna majeraha matatu yanayojifanya ni kuteguka kwa kawaida, na kila moja lina kanuni yake, tena kinyume na niliyoyaeleza. Ncha ya kidole ikiinama na mchezaji hawezi kuinyoosha mwenyewe, kano ya kunyoosha imekatika; hapo kiungo cha mwisho peke yake kinafungwa kikiwa kimenyooka, usiku na mchana, wiki 6 hadi 8, na kikiinama hata mara moja wakati wa kunawa hesabu inaanza upya. Pili, mfupa ukiteguka kuelekea kiganjani badala ya mgongoni, jambo la nadra, kano ya katikati inayonyoosha kiungo mara nyingi huwa imekatika, na kiungo hicho lazima kikae kimenyooka wiki 6 hivi. Asipofanyiwa hivyo kidole kinakaa kimepinda katikati na kuinuka nchani. Tatu ni la beki anayeng'ang'ania jezi ya mpinzani: kidole, mara nyingi cha pete, kinavutwa kikiwa kimekunjwa, kano ya kukunja ncha inang'oka. Hana maumivu makubwa, hana kilichopinda, ila akiambiwa kunja ncha, haikunji. Huyo anatakiwa kwa daktari wa upasuaji ndani ya siku 7 hadi 10, kwa sababu kano imejivuta kuelekea kiganjani na inazidi kufupika. Kwa hiyo jaribio la sekunde 10 pale uwanjani, kunja ncha, nyoosha ncha, kunja katikati, nyoosha katikati, lina thamani kuliko dawa yoyote ya kupuliza iliyomo mkobani.

Kurudi langoni kuna upande wa mwili na upande wa roho. Mchezaji wa ndani anaweza kurudi baada ya siku chache akiwa na plasta, kwa kuwa mkono si kazi yake. Kipa asirudi mpaka kiungo kisiume kinapobonyezwa, kikunje na kunyooka karibu sawa na cha mkono wa pili, na aweze kukamua kitambaa bila kukwepesha kidole. Kwa wengi hapo ni kati ya wiki ya 4 na ya 6. Aanze na mipira inayobingirika, kisha ya kurushwa kwa mkono karibu, kisha mashuti mepesi, na krosi mwisho kabisa. Glovu zenye vijiti vya kuzuia vidole visirudi nyuma zinasaidia kama zinapatikana, nazo Sheria ya 4 inazikubali, ilimradi si hatari kwa wengine.

Upande wa roho ni mgumu zaidi kuupima. Kipa aliyeteguka anaanza kupangua mipira ambayo zamani angeidaka, anaukaribisha mpira kwa ngumi, anachelewa nusu hatua kutoka kwenye mstari. Mashabiki wanasema ameshuka kiwango. Hajashuka, mkono unajilinda wenyewe. Dawa ni kurudia mipira rahisi mingi mno mpaka mkono usahau, na kocha mwenye subira ya kutompeleka kwenye mechi kubwa mapema.

Subira hiyo ina bei, na si kijijini tu. Januari 2013, Real Madrid ikicheza na Valencia, beki Álvaro Arbeloa alimpiga teke mkononi kipa wake mwenyewe, Iker Casillas, na mfupa wa kiganja cha kushoto ukavunjika. Casillas alikuwa nahodha, bingwa wa dunia wa 2010. Klabu ikamsajili Diego López kuziba pengo, na mkono ulipopona, nafasi haikumrudia kwenye ligi. López aliendelea kusimama langoni msimu ule na hata uliofuata. Kipa wa Lutindi akinificha maumivu, sihitaji kumuuliza sababu. Kipa wa akiba yuko nyuma ya goli anapasha misuli.

Wengine walilipa bei hiyo kwa nyama. Ronnie Lott, beki wa San Francisco 49ers katika mpira wa Kimarekani, alipondeka ncha ya kidole kidogo cha kushoto mwishoni mwa msimu wa 1985. Mwaka 1986 akaambiwa achague kati ya upasuaji wa kukitengeneza na kukikata ncha. Akakata. Watu wanasimulia kisa hicho kama ushujaa, nami sishangai, ila kipa hawezi kukiiga. Lott alihitaji mabega. Kipa anahitaji vyote kumi, tena vinyooke.

La mwisho ni uvimbe, ambalo hakuna anayemwonya mgonjwa nalo, kisha linamtia hofu bila sababu. Kiungo cha katikati kilichoteguka hubaki kinene kwa miezi 6, mara nyingi mwaka mzima, na kwa baadhi ya watu hakirudi kamwe kwenye unene wake wa zamani hata kikikunja na kunyooka vizuri kabisa. Asubuhi za baridi, na Lutindi zipo nyingi, kitakuwa kizito mpaka jua litoke. Hilo halimaanishi kimeharibika, wala halihitaji kuvutwa. Kinachohitaji kurudi kwa daktari ni kidole kinachozidi kupinda wiki hadi wiki, kinachotoka tena kwa mguso mdogo, au kinachouma zaidi mwezi wa tatu kuliko wa pili. Mwenye ndoa na aende kwa sonara apanuliwe pete yake, lakini angoje mwaka upite kwanza, maana kipimo cha mwezi wa tatu si kipimo cha mwezi wa kumi na mbili, na sonara halipwi nusu kwa kazi ya mara ya pili.